Siku Niliyovua Nguo Mbele ya Mama Mkwe

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia, mnasoma tu hapo mlipo, lakini mtu wa umri wangu hupokea hata shikamoo ambayo haijatolewa. Ukisubiri vijana wa siku hizi wakuamkie utakufa na marahaba yako mdomoni.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaosomea uuguzi na utabibu habari za kumhudumia mtu aliyemwagikiwa sumu, au aliyeivuta, au aliyeinywa. Aliyenichagua hakuuliza watu. Angepita Kibirizi akataja jina langu, wangemjibu, "Nani, Bukuru? Yule aliyevua nguo mbele ya mama mkwe wake?" Wenzangu walistaafu na sifa za uhodari. Mimi nimestaafu na hiyo. Basi nitawaeleza nilivyoipata, maana ndani yake kuna karibu kila ninachokijua kuhusu kazi hii.

Miaka ile ya wakimbizi, watu wakivuka ziwa kutoka Kongo kwa mitumbwi na maboti, nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati ndogo karibu na mwalo wa Kibirizi, pale Kigoma maboti yanapotia nanga. Mkubwa wangu alikuwa Sista Veronika, muuguzi, Mha wa Kasulu, mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Ukiisikia ile sauti unaanza kutafuta kosa lako kabla hajalitaja. Sikufundishwa darasani kuhusu sumu hata kidogo. Nilifundishwa na makaripio ya Sista Veronika, na kwa bahati nzuri nilikuwa mtu wa kukosea sana.

Chukueni habari ya klorini. Tulikuwa na mapipa ya unga mweupe wa kutilia maji, kwa sababu ya kipindupindu. Unga ule ukiukaribia tu pua inawasha. Siku moja nikatumwa nikaangalie umebaki kiasi gani. Mtu mwenye akili angechungulia kwa mbali, au angeingiza kijiti. Mimi nikafunua, nikatia kichwa chote ndani ya pipa, nikavuta pumzi. Yarabi! Nilihisi nimevuta pilipili na moto. Macho yakafunga, koo likafunga, nikatoka mbio nikigonga milango, nikapita kati ya watu, nikajitosa ziwani na viatu vyangu na kalamu mfukoni.

Sista Veronika alinifuata polepole, akasimama ukingoni.

"Bukuru," akasema, "tangu uanze kazi hapa, hilo ndilo jambo la kwanza ulilolifanya sawasawa. Usitoke. Fumbua macho ndani ya maji."

"Yanatosha Sista, nimepona!"

"Hujapona. Rudi."

Nikitoka ananirudisha, nikitoka ananirudisha, wavuvi wamekaa wanatazama wanadhani nabatizwa. Lakini macho haya mnayosikia habari zake ndiyo yale yale, na ninasoma bila miwani nikiwa na nguvu. Kwa hiyo kumbukeni: jicho likiingiwa na dawa kali, maji. Si maziwa ya mama, si mate, si dawa ya matone uliyoiona kabatini. Maji safi yanayotiririka, robo saa nzima, na mgonjwa atakuambia imetosha kabla hujamaliza hata ndoo moja. Usimsikilize. Mimi sikusikilizwa. Na aliyevuta moshi wa kitu, mpeleke kwenye hewa wazi, upande ule upepo unakotoka. Kifua kikiendelea kubana usimwambie aende nyumbani. Mimi nilikohoa siku nyingi.

Kosa lingine. Fundi wa mashine za boti alikuwa anavuta petroli kwa mpira, akameza. Akaletwa anatapatapa. Mimi nikasema hii kazi rahisi, nikamtia kidole kooni mpaka kiwiko karibu kiingie, akatapika vizuri sana. Nikawa najisifu mwenyewe moyoni. Sista akaingia.

"Umemtapisha?"

"Ndiyo, Sista. Yote imetoka."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Kisha akanieleza kwamba petroli ikishuka tumboni ni mbaya, lakini ikipanda na kuingia mapafuni ni mbaya zaidi, na mimi nimeipandisha kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi yule alikohoa kama trekta. Alipona, shukrani kwa Mungu wala si kwangu, na mpaka leo tukikutana sokoni ananinyooshea kidole kisha anafumba mdomo kwa nguvu.

Na mawese je? Hapa kwetu Kigoma, mawese ni mboga, ni taa, ni dawa ya ngozi, na watu wengi wanaamini ni dawa ya kila sumu. Kila aliyeletwa zahanati alikuwa amekwisha kunyweshwa mawese au kupakwa. Nami nilikuwa mmoja wa waumini. Kumbe kuna sumu ambazo mafuta huzisaidia kupenya ngozini. Ukitaka mawese yamsaidie mgonjwa, mwoshe kwa sabuni iliyotengenezwa kwa mawese. Hapo sina ugomvi nayo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, lakini kwanza lazima mumjue mama mkwe.

Nilioa Ujiji. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kila asubuhi alikuwa Kibirizi na wanawake wenzake wakianika na kugeuza dagaa. Ninyi mliozaliwa juzi mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnaangalia mpira. Sisi tulikuwa tunaacha njia. Nikimwona Bi Tatu kwa mbali naingia uchochoro wowote uliopo. Siku moja niliingia uani kwa watu nisiowajua nikakuta wanakula, ikabidi ninawe mikono nijumuike nao ili nisionekane mwizi. Kumwonyesha mama mkwe hata goti ilikuwa balaa. Wazee walisema utapata upofu, wengine walisema utapata mtoto mbishi. Mimi niliogopa yote mawili.

Basi asubuhi hiyo likaingia boti la mbao limejaa watu. Wengine walisimama wenyewe, lakini waliokuwa wamekaa chini katikati, kwenye yale maji yanayojikusanya ndani ya boti, walikuwa hoi. Wanatapika, wanaharisha, wamelegea. Mwaloni mtu akapiga kelele, "Kipindupindu!" Watu wakatawanyika.

Na mimi nikaamini. Miaka ile, mtu akitapika na kuharisha hatukuwa na jina lingine. Hata mlevi alikuwa kipindupindu mpaka athibitike ni pombe. Nikasema leo nitaonekana mwanamume. Nikaingia majini, nikawabeba mmoja mmoja mgongoni mpaka ufukweni, nguo zao zilizolowa zikinichuruzikia shingoni na kifuani. Glavu? Nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo mfukoni, nisizichafue.

Wa mwisho kumtoa alikuwa mama mmoja kijana, jina lake Faida, pamoja na mume wake. Faida alikuwa amevaa vitenge juu ya vitenge, vyote alivyokuwa navyo, maana ndivyo alivyoweza kuvuka navyo. Mgongoni, ndani ya vitenge hivyo vilivyolowa, alimfunga binti yake mdogo, Riziki. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaninginia upande, na povu mdomoni.

Nikawalaza wote kwenye mikeka, nikaanza kutundika dripu. Sista Veronika akafika na chumvi zake za kuchanganya na maji. Nikageuka kumsalimu, nikaona mambo hayaeleweki.

"Sista," nikasema, "mbona giza linaingia mapema leo?"

Akanitazama. "Bukuru, ni saa nne asubuhi."

Akaja akanishika kidevu kama anayekagua mbuzi mnadani, akanigeuzia uso juani. Mate yalikuwa yananitoka mpaka kwenye kola. Mimi nilidhani ni njaa, kwa sababu ya harufu ya dagaa.

"Mboni zako zimekuwa kama punje za ulezi," akasema. Akaenda kwa mgonjwa mmoja, akamfunua jicho. Ulezi. Akaenda kwa mwingine. Ulezi. Akasimama wima.

"Toa kipindupindu kichwani mwako. Mtu wa kipindupindu anakauka, hana mate wala machozi. Hawa wanachuruzika kila mahali. Angalia mapaja ya yule mzee, nyama zinacheza zenyewe. Hii ni dawa ya wadudu. Na wewe umeibeba mgongoni."

Alinusa nguo ya mmoja wao, kukawa na harufu ya petroli na kama ya kitunguu saumu. Nahodha alipobanwa akakubali: kulikuwa na dumu la dawa ya kunyunyizia kahawa, mali ya mchuuzi mmoja, limezibwa kwa kitambaa. Njia nzima lilikuwa linavuja humo humo walimokaa watu.

Haya, sikieni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Sumu ya namna hii inaingia kwa ngozi. Unaweza kumchoma mtu sindano zote za duniani, lakini akiwa bado amevaa ile nguo, ni kama kumwokoa mtu majini huku umemfunga jiwe. Kwanza nguo itoke. Halafu sabuni na maji mengi, nywele, makwapa, chini ya kucha. Halafu ndiyo dawa. Sista akavaa glavu, akafungua ndoo ya dawa akatoa atropini, dawa ya kupingana na sumu hiyo, na akaniambia niwaambie watu wavue.

Mimi nilipita jeshini kujenga taifa. Sauti yangu ilikuwa bado ya gwaride. Nikasimama, nikanguruma, "Vueni nguo! Wote! Haraka!"

 Hakuna aliyevua. Mume wa Faida, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, akavua saa ya mkononi akaninyooshea. Nikamrudishia, akakataa kuipokea, akidhani namtega. Mzee mmoja akainua mikono juu. Na Faida akapiga magoti, akafumba macho, akashika fundo la kitenge kilichomfunga mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama, vua, mtoto anakufa," nikamwambia.

Akajibu bila kufumbua macho, kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Na bale ba bunduki nabo balisema vile. Vua."

Wanangu, nilitamani mchanga unimeze. Mimi nilijiona mkombozi, kumbe kwake nilikuwa wa pili baada ya wale wa bunduki. Neno letu la kuokoa lilikuwa ndilo neno lao la kunyang'anya, na la mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Nikimshika kwa nguvu nimvue, nitakuwa nimekuwa wao kweli. Nikimwacha, Riziki atakufa mgongoni mwa mama yake. Pumzi zake zilisikika kama mtu anayevuta maji kwa mrija yakiwa yameisha kwenye kikombe.

Nikamgeukia Sista Veronika. Macho yake yalikuwa kwenye shati langu lililolowa.

"Nawe umelowa," akasema. "Anza wewe."

"Hapa?"

"Hapa, aone."

"Sista, mama mkwe wangu yuko pale!"

Na kweli alikuwepo. Hatua chache tu kutoka hapo, Bi Tatu na wanawake wote wa dagaa, wamesimama na mabeseni wanatazama. Alikuwa tayari amekuja na chupa ya mawese mkononi, anataka mtoto anyweshwe. Uchochoro haukuwepo. Lilikuwepo ziwa tu.

"Chagua, Bukuru," akasema Sista.

Nikavua shati. Nikavua suruali. Sasa naomba mnihurumie: bukta niliyovaa siku hiyo mke wangu aliishona kutokana na mfuko wa unga wa msaada. Kitambaa kilikuwa imara, lakini maandishi hayakutoka hata ukiifua vipi. Nyuma yangu, kutoka pembe hadi pembe, ilisomeka kwamba bidhaa hii haiuzwi.

Kukapigwa yowe. "Yoo! Mkwe wangu!" Bi Tatu akatupa chupa ya mawese, akajifunika uso kwa kanga, akanigeuzia mgongo. Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao, wanawake wote wakageuka naye. Wote, kama waliosikia amri. Mwaloni pakawa na mstari wa migongo.

Sista Veronika akaona kabla yangu. "Bi Tatu!" akaita. "Usigeuke, kaa hivyo hivyo! Tanueni kanga, tuzungukeni, migongo ndani!"

Wakarudi kinyumenyume, wakitanua kanga zao, wakatuzunguka mpaka wakakutana. Hakuna aliyeona ndani, wala wa nje hakuweza kuchungulia, maana angekutana na macho ya Bi Tatu. Wanaume tukatengwa upande mmoja kwa kanga nyingine. Haukuwa ujuzi wa mtu yeyote, wanangu, ilikuwa ni mkwe anamwonea haya mkwe. Lakini tangu siku ile, Kibirizi hatukumwosha mtu wa sumu kwa njia nyingine.

Faida akafumbua macho. Akaona mwanamume mzima anatetemeka ndani ya mfuko wa unga, anatoka mate, ameinamisha kichwa kwa aibu. Akaona migongo. Hakuna aliyeshika bunduki, hakuna aliyekuwa anamtazama. Mkono wake mmoja ukaachia fundo. Halafu wa pili. Akamtoa mtoto akamkabidhi Sista, kisha akaanza kuvua vile vitenge, kimoja kimoja, akivikunja kabla ya kuviweka chini. Kila kimoja alikikunja vizuri, naye anajua havirudi, maana Sista alikwisha kumwambia tutavifukia.

Maji yakamwagwa. Sabuni ikasuguliwa. Sista akamchoma Riziki atropini, akamsikiliza kifua, akasubiri, akamchoma tena. Dawa hii haipimwi kwa kuogopa, unasikiliza kifua na kuongeza mpaka maji yaliyojaa humo yakauke. Kazi yangu mimi, kutoka upande wangu wa kanga, ilikuwa kumshika mtoto alale ubavu, kupitia upenyo, na kumfuta povu. Alikuwa mwepesi mno. Nilikuwa namwomba kwa Kiha, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu kidogo nilichokuwa nacho. Nilijisikia kutapika, macho hayaoni mbali, nikawa namfuta tu.

Tulimpoteza yule mzee aliyeinua mikono. Alikuwa amekaa chini kabisa, karibu na dumu, na muda niliopoteza na dripu zangu ulikuwa muda wake. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko mama mkwe.

Halafu Riziki akakohoa. Akavuta pumzi kavu, safi, akalia. Kilio kibaya, cha kukwaruza, cha mtoto aliyekasirishwa na kila mtu. Ule ukuta wa migongo ukatikisika, nikasikia Bi Tatu anasema, "Alhamdulillahi," bila kugeuka. Sista akakaa chini kwenye mchanga. Ndipo akakumbuka kunichoma na mimi, na aliponichoma nilianza kuzungumza na dagaa, lakini hayo tuyaache.

Kabla akili haijaniruka, niliona jambo moja, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Bi Tatu alikuwa amepitisha doti ya kanga kwa nyuma, bila kutazama, Faida apate cha kujisitiri. Vipande viwili. Faida alijifunga kimoja, akamkumbatia mtoto kifuani humo humo. Cha pili akabaki nacho mkononi. Alikuwa hana kitu kingine duniani, si nyumba, si sufuria, na vitenge vyake vilikuwa vinangoja shimo.

Akaja mpaka upande wetu, akajipenyeza kati ya kanga, akanifunika mabegani kile kipande cha pili.

"Jifunike, baba," akasema. "Nawe uko mutu."